Saratani ya mapafu: dawa inafuata kinyama
Mwongozo kwa mgonjwa na familia, Unguja na Pemba

Mtu akitoka kwa daktari na habari ya saratani ya mapafu, swali la kwanza ndani ya nyumba huwa: "Tumpeleke India?" La pili: "Zitatakiwa ngapi?" Maswali hayo yana wakati wake, lakini yakitangulia hula pesa bure. La kuanzia ni hili: kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachotolewa kupimwa maabara, kimesemaje?

Matibabu ya saratani hii yamegeuka tangu 2004, pale watafiti walipoonyesha kwamba baadhi ya uvimbe wa mapafu unaendeshwa na hitilafu katika jeni moja (jeni ni maagizo yaliyomo ndani ya seli) iitwayo EGFR, na kwamba kidonge kinaweza kuizima. Tokea hapo zimejulikana jeni nyengine kadhaa, kila moja na dawa zake. Leo wagonjwa wawili, mmoja wa Mwembeladu na mmoja wa Wete, umri mmoja, picha za kifua zinafanana, wanaweza kupewa dawa zisizohusiana kabisa. Maabara ndiyo inayowatenganisha.

Ninayoyaandika hayachukui nafasi ya daktari. Ni ya kukusaidia kumuuliza. Majina ya dawa nimeyaacha kama yalivyo kwenye boksi ili ukiyaona uyatambue.

Hatua ya 1: TB isiwe mwisho wa uchunguzi

Kikohozi kilichopita wiki mbili hupimwa TB, na ndivyo inavyotakiwa. Tatizo linakuja makohozi yanapotoka bila vijidudu, mgonjwa akaanzishiwa dawa za TB kwa kuangalia eksirei tu, na miezi ikapita. Maradhi haya mawili yanafanana mno: kukonda, homa na jasho la usiku, damu kwenye makohozi, doa jeupe kwenye picha. Na mtu mmoja anaweza kuwa nayo yote mawili. Ikiwa kipimo cha makohozi hakikukuta TB, na baada ya mwezi mmoja au miwili ya dawa hali haijageuka, sema bila kuona haya: "Daktari, tunaomba sitiskani ya kifua." Hiyo ni CT scan, picha inayoonyesha kifua kipande kwa kipande. Eksirei ya kawaida huweza kuukosa uvimbe uliojificha nyuma ya moyo au karibu na mtulinga.

Wala usijiondoe kwenye hesabu kwa kuwa hukuvuta sigara. Tumbaku ndiyo sababu kubwa kuliko zote, hilo halina ubishi, lakini wapo wanaougua bila kuigusa, na moshi wa kuni na mkaa jikoni umo katika orodha ya vinavyochangia. Daktari akiuliza kama umevuta, hakuhukumu. Jibu la kweli linamsaidia kukisia mapema, maana hitilafu za EGFR na za jeni nyengine iitwayo ALK hupatikana zaidi kwa wasiovuta.

Hatua ya 2: Kinyama chenyewe

Hapa ndipo mambo mengi yanapoharibika, kwa hiyo nitakaa.

Wapo wanaoamini kwamba saratani ikiguswa na kisu "inaamka" ikasambaa. Kwa hofu hiyo mgonjwa hukaa miezi akinywa dawa za miti, na anapokuja hospitali nguvu zimekwisha. Bila kinyama daktari anapiga ramli. Hakuna dripu wala kidonge kinachochaguliwa vizuri kwa picha peke yake.

Kinyama huchukuliwa kwa njia kadhaa. Sindano hupitishwa mbavuni kwa kuongozwa na sitiskani, au kamera nyembamba hushushwa kupitia puani au mdomoni hadi kwenye njia za hewa. Kama kuna tezi lililovimba shingoni au juu ya mtulinga, hiyo mara nyingi ndiyo njia nyepesi kuliko zote, basi likiwepo lionyeshe hata kama haliumi. Njia nyengine ni maji yaliyojaa kwenye kifua, na haya ndiyo yanayopotea ovyo. Mgonjwa anafika hawezi kupumua, anatobolewa, inatoka lita nzima, anapata nafuu, watu wanashukuru, na chombo kinamwagwa. Kabla ya kutobolewa mwambie daktari (bloku ni seli zilizohifadhiwa kwenye nta): "Tunaomba maji haya yapelekwe maabara kutafutwa seli za saratani, na yatengenezewe bloku."

Wingi ni muhimu. Kipande kidogo kinatosha kusema "hii ni saratani", halafu kinakwisha na hakibaki cha kupima jeni. Anayechoma sindano ajue mapema kwamba mnakusudia vipimo vya jeni, ili ikiwezekana achukue vipande zaidi ya kimoja.

Kisha dawa ya kuhifadhia. Kinyama kiingie mara moja kwenye formalini ya asilimia 10 iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, nayo iwe nyingi, kama mara kumi ya kinyama. Maji ya chumvi hayafai, spiriti haifai. Na kikikaa ndani ya formalini zaidi ya siku mbili tatu, vinasaba (DNA) huanza kukatikakatika na kipimo cha jeni kikashindwa kusoma. Kwa aliyeko Pemba hili si dogo. Kinyama kilichotolewa Alkhamisi jioni kikangoja boti, kikavuka Unguja, kikalala mwisho wa wiki, Jumatatu kinapokelewa kimeshachoka. Kama jamaa ndiye atakayekibeba kichupa, aulize kwanza: maabara inapokea siku gani, saa ngapi, na nani atatia saini ya kukipokea? Ikibidi, kinyama kikatwe mwanzo wa wiki.

Halafu jina. Huku kwetu mtu mmoja ni Khamis kwenye kitambulisho cha Mzanzibari, Hamisi kwenye cheti cha hospitali, na kwenye bima jina la babu limeachwa. Maabara ikikuta majina mawili huzuia jibu, na inafanya vizuri, maana jibu la mtu mwengine ni sumu. Chagua jina moja, lile la kitambulisho au la pasipoti kama kuna safari, na uhakikishe limeandikwa hivyo hivyo kwenye kichupa, fomu, sitiskani na risiti.

Maabara hukikausha kinyama na kukizamisha kwenye nta. Hiyo ndiyo bloku, na hukaa miaka bila barafu. Ichukulie kama hati ya shamba: ujue namba yake, nani anaitunza, na utaratibu wa kuiazima. Ukitakiwa kuipeleka Dar au nje, uliza kama slaidi zisizotiwa rangi zinatosha, ili bloku isiondoke yote. Nimeona familia zinazokumbuka siku ya risiti ya sitiskani lakini hazijui bloku iko jengo gani, na hiyo bloku ndiyo ghali zaidi, kwa sababu haipatikani tena bila sindano nyengine.

Baada ya sindano ya kifua, pumzi ikibana ghafla, kifua kikichoma au damu ikitoka nyingi kwenye makohozi, rudi hospitali saa hiyo hiyo. Na usipande ndege kabla daktari hajahakikisha kwamba hewa haikuvuja kwenye kifua.

Hatua ya 3: Soma ripoti kabla ya kuikunja

Tafuta aina. Saratani ya mapafu ina matawi mawili makubwa: ya seli ndogo, takriban wagonjwa 15 kati ya 100, na ya seli zisizo ndogo, takriban 85. Ndani ya hili la pili, inayoonekana zaidi ni adenokasinoma, ikifuatiwa na skwamasi. Ripoti ikisema "kasinoma" tu bila kutaja aina, haijamaliza kazi. Uliza kama kinyama kinaweza kutiwa rangi maalumu za kutofautisha. TTF-1 na p40 ndizo zinazotumika sana.

Kisha hatua ya ugonjwa, yaani umeenea kiasi gani mwilini, kuanzia 1 hadi 4. Hiyo haiandikwi na maabara. Inatokana na sitiskani ya kifua na tumbo la juu, ambako hutazamwa ini na tezi zilizo juu ya figo, pamoja na picha ya ubongo, MRI ikipatikana.

Na hapa niseme jambo lisilopendeza. Katika nyumba nyingi mzee hufichwa. Watoto wanajua, shemegi anajua, jirani anajua, mwenyewe anaambiwa ana "maji kifuani". Naielewa huruma iliyomo. Lakini ndiye atakayemeza vidonge na kusema kama vipele vinamuumiza, na ndiye mwenye haki ya kukubali au kukataa. Mtu asiyejua anachotibiwa huacha dawa siku ya kwanza anapojisikia nafuu. Muulizeni kwa upole kiasi gani anataka kujua: "Baba, majibu yametoka. Ungependa daktari akueleze wewe, au aeleze mmoja wetu?" Wengi hushangaza kwa kujibu kwamba walishajua.

Hatua ya 4: Vipimo vya jeni na PD-L1

Kama ni seli ndogo, usitumie pesa hapa. Kwa kawaida vipimo hivi havibadilishi tiba yake ya mwanzo. Kama ni adenokasinoma iliyosambaa, ni vya lazima kwa kila anayeweza kuvipata, awe amevuta au hakuvuta. Kwa skwamasi huombwa zaidi mgonjwa akiwa kijana au hajawahi kuvuta.

Orodha kamili ni ndefu: EGFR, ALK, ROS1, BRAF, KRAS, MET, RET, NTRK, HER2. Zipo mashine zinazosoma jeni nyingi kwa mara moja, na mwenye uwezo afanye hivyo, kwa sababu kupima moja moja hukimaliza kinyama. Mfuko ukiwa mwepesi, zungumza na daktari kuanza na EGFR, ALK na PD-L1. Rai yangu hiyo haitokani na vitabu tu: ni bora kupima jeni ambayo dawa yake unaweza kuifikia kuliko kulipia karatasi ya kurasa ishirini yenye majina ya dawa ambazo hazifiki hapa.

PD-L1 si jeni. Ni protini iliyoko juu ya seli, na jibu lake huja kwa asilimia. Saratani huitumia kujificha machoni pa kinga ya mwili. Ugunduzi wa breki hizo za kinga ndio uliowapa James Allison na Tasuku Honjo tuzo ya Nobel ya 2018. Ikifika asilimia 50 au zaidi, na hakuna hitilafu ya EGFR wala ALK, dawa ya kuamsha kinga inaweza kutumika peke yake bila dripu za kemo, yaani dawa kali za kuua seli za saratani.

Kipo pia kipimo cha damu, kinachotafuta vipande vya vinasaba vya saratani vinavyoelea mwilini. Kinafaa pale kinyama kimekwisha au mgonjwa hawezi tena sindano. Lakini kisome kwa upande mmoja: kikikuta hitilafu, iamini, kisipokuta, haimaanishi haipo, pengine uvimbe haukumwaga vya kutosha kwenye damu.

Majibu huchukua wiki, na kungoja kunauma. Kama mgonjwa yuko taabani, daktari anaweza kuanza kemo huku jibu linasubiriwa, na hilo halina ubaya. Kinachohitaji tahadhari ni kuanza dawa ya kuamsha kinga kabla jibu la EGFR halijatoka. Wenye hitilafu ya EGFR kwa kawaida hawanufaiki sana nayo, na wakibadilishiwa osimertinib, kidonge cha kuizima EGFR, muda mfupi baadaye, hatari ya mapafu kuvimba vibaya inapanda. Haraka ya namna hiyo huuzwa sana na hospitali za kulipia. Iulizie.

Hatua ya 5: Tiba zenyewe

Uvimbe wa hatua ya 1 na 2 hukatwa, kama moyo na pumzi vinaruhusu. Asiyeweza upasuaji hupewa mionzi. Na hata aliyekatwa apimwe EGFR: katika utafiti mkubwa wa osimertinib baada ya upasuaji, waliokuwa hai baada ya miaka mitano walikuwa asilimia 88, dhidi ya 78 kwa waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Ugonjwa wa hatua ya 3 usioweza kukatwa hutibiwa kwa kemo na mionzi pamoja, kisha durvalumab, dawa ya kuamsha kinga, kwa wanaoipata. Kwa mionzi, wagonjwa wa visiwani wamekuwa wakivuka kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam. Mionzi ya namna hii ni ya kila siku ya kazi kwa wiki sita hivi, kwa hiyo jambo la kupanga kwanza ni malazi ya Dar, si nauli.

Ugonjwa wa hatua ya 4 ndio wanaofikia nao wengi, na ndipo mabadiliko makubwa yalipo. Mwenye EGFR hupewa kidonge: gefitinib, erlotinib, afatinib au osimertinib. Osimertinib ni ya baadaye na inafika kwenye ubongo vizuri zaidi. Katika utafiti uliolinganisha, nusu ya walioanza nayo waliishi zaidi ya miezi 38, dhidi ya karibu 32 kwa walioanza na gefitinib au erlotinib. Ukiangalia tofauti ya bei utaona kwa nini sikubaliani na wanaosema kwamba bila osimertinib ni bora kuacha. Erlotinib, pamoja na gefitinib na afatinib kama mbadala wake, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2019, na ni dawa ya kweli.

Mwenye ALK ana bahati ndani ya msiba. Zipo crizotinib, alectinib na lorlatinib, na matokeo ya 2024 yalionyesha kwamba baada ya miaka mitano, asilimia 60 ya walioanza na lorlatinib ugonjwa wao ulikuwa haujasonga mbele. Kwa crizotinib ilikuwa asilimia 8. Nambari kama hizo hazikuwahi kuonekana katika saratani ya mapafu iliyosambaa.

Asiye na hitilafu yenye kidonge hupewa kemo, kwa kawaida carboplatin au cisplatin pamoja na dawa ya pili, ikiongezwa pembrolizumab au nyengine ya kuamsha kinga ikipatikana. Pembrolizumab iliingizwa kwenye orodha hiyo ya dawa muhimu kwa saratani ya mapafu 2025. Bei yake bado ni ukuta kwa familia nyingi. Seli ndogo hutibiwa kwa etoposide na carboplatin au cisplatin, na huitika haraka, lakini hurudi.

Hatua ya 6: Pesa, rufaa na safari

Rufaa ya kuvuka bahari inaanzia kwa daktari wa hospitali kubwa, Mnazi Mmoja kwa Unguja. Kwa Pemba wengi huanza Abdalla Mzee, Mkoani. Kama mgonjwa yuko kwenye Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar au bima nyengine, uliza mapema, na upate jibu kwa maandishi: mnalipia kipimo cha jeni? Mnalipia kidonge cha kila siku, na hadi lini?

Kuhusu India, maoni yangu ni haya: peleka karatasi kabla ya kumpeleka mtu. Ripoti ya kinyama, diski ya sitiskani na muhtasari wa daktari vitumwe kwanza, na vipimo vingi vinaweza kufanyika kwa bloku iliyosafiri peke yake. Swali la kuwauliza kabla ya kukata tiketi: "Dawa mtakayomwanzishia, akirudi Zanzibar ataipata wapi, na kwa shilingi ngapi kwa mwezi?" Zidisha bei hiyo kwa miezi 12, si kwa mmoja. Anayerudi na vidonge vya miezi miwili na deni la harusi mbili hakusaidiwa.

Dawa zinazoletwa mkononi na msafiri ziangalie boksi, tarehe na namba ya toleo, na ukiwa na shaka zipeleke kwa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar.

Hatua ya 7: Nyumbani

Erlotinib humezwa tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya kula au mawili baada yake. Chakula huongeza kiasi kinachoingia mwilini na madhara yake. Dawa za kupunguza asidi ya tumbo kama omeprazole huipunguza nguvu, na sigara pia. Gefitinib na osimertinib hazina sharti la chakula. Mwezi wa Ramadhani mgonjwa ana ruhusa ya kula. Kama anasisitiza kufunga, daktari aulizwe kabla ya mwezi kuandama, maana kumeza pamoja na futari au daku si sawa kwa kila dawa, na anayeharisha asifunge kabisa.

Vidonge vya EGFR huleta vipele usoni na kifuani, kuharisha na vidonda pembeni mwa kucha. Vipele si mzio wala si sababu ya kuacha dawa. Ukali wa jua la mchana uepukwe, ngozi ipakwe mafuta yasiyo na manukato. Habasoda, mchanganyiko wa miti, asali iliyotiwa vitu: mwambie daktari vyote unavyotumia. Dua na kombe havigombani na dawa. Vya kunywa vya mitishamba vinaweza kugombana nayo kwenye ini.

Mgonjwa wa kemo akipata homa ya nyuzi 38, hasa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dripu, ni dharura. Asipewe panadoli akangoja asubuhi. Waliopo Micheweni au vijijini mbali waweke akiba ya nauli ya usiku kwa ajili ya hilo tu.

Dawa za kuamsha kinga zina ujanja wao: kinga huweza kugeukia mapafu, utumbo, ini au tezi ya koo, hata miezi baada ya dozi ya mwisho. Pumzi mpya kubana, kuharisha mfululizo, macho kuwa ya manjano, uchovu usioelezeka: mwambie daktari yeyote utakayemkuta, hata wa meno, kwamba umewahi kupewa dawa hiyo.

Hatua ya 8: Ugonjwa ukisonga, na maumivu

Vidonge vya jeni hufanya kazi, kisha saratani hutafuta njia ya pembeni. Sitiskani ikionyesha imekua, uliza kama kinyama kipya au damu ipimwe tena kabla ya kubadilisha dawa. Wengi waliotumia gefitinib au erlotinib huota hitilafu iitwayo T790M, ambayo osimertinib inaiweza. Kichwa kuuma kila asubuhi pamoja na kutapika, au mguu kupoteza nguvu, kunahitaji picha upesi.

Tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na taabu za mgonjwa, isingojwe hadi mwisho. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2010 uliwapa baadhi ya wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyosambaa huduma hiyo tangu mwanzo, sambamba na kemo. Waliishi vizuri zaidi, na pia muda mrefu zaidi, miezi 11.6 kwa 8.9. Morfini ya maji ni sehemu yake. Inaondoa maumivu na pia hutuliza ile hali ya kukosa pumzi, na ikitumiwa kwa kipimo cha daktari haimgeuzi mzee wako kuwa mlevi. Hutolewa kwa saa, mchana na usiku, bila kusubiri maumivu yarudi. Inafunga choo karibu kila mtu, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ile ile, na chupa ikae mahali watoto hawafiki.